Tulipanga Pamoja

Tok, tok, tok: kofia yake ya pikipiki ikibingirika juu ya mawe ya barabara hadi mferejini. Ni hilo tu Révérien analolikumbuka la ajali ile ya Nyakabanda. Mengine ameulizwa mara nyingi mno, hadi anayasema kama yalimpata mtu mwingine.

Révérien hubeba abiria kwa pikipiki. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko. Gari lililomvunja mguu lilikuwa, kwa bahati mbaya, la rafiki yake Niyongabo, aliyekaa naye chumba kimoja Kimisagara kabla hawajaoa. Mpelelezi wa kampuni ya bima, Mtanzania mpole aitwaye Cyprian, alimkuta hospitalini akamuuliza kwa Kiswahili kama anajuana na mwenye gari.

"Sana," akajibu Révérien. "Huyu tulipanga pamoja."

Cyprian akaandika alichosikia. Ofisini, mtu akakigeuza kuwa Kinyarwanda, lugha ya huku. Kinyarwanda nacho kina gupanga, ila hiyo ni ya mipango tu. Kupanga nyumba wao huita gukodesha. Basi chumba cha Kimisagara kikawa njama. Bima ikakataa kulipa matibabu, na marafiki wawili wakashtakiwa kwa kutunga ajali ili wapate fidia. Wakikutwa na hatia, ni jela.

Leo mwendesha mashtaka, mama mwenye sauti isiyochoka, amesimama tena na neno lile lile.

"Mlipanga, hamkupanga?"

"Tulipanga, mama. Nyumba."

"Na ajali?"

"Ajali nipange ya nini? Ina vyumba vingapi?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisema neno hilo linataka mkalimani aliyeapishwa, kama alivyosema kikao kilichopita. Na mkalimani, kama kikao kilichopita, hakufika. Kesi ikaahirishwa.

"Neno moja," Révérien akamwambia karani aliyemfungulia mlango. "Hata muuza nyanya angewaambia."

"Muuza nyanya hajaapishwa, mzee," karani akajibu.

Nje, Niyongabo alivuka ua haraka, mkono ameshaunyoosha. "Kaka, mguu unasemaje?"

Révérien aliyashika magongo yake kwa mikono yote miwili. Mama wa mashtaka alikuwa kwenye ngazi, anawatazama.

"Tangulia, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini sana. "Tusionekane pamoja."