Barafu ya Maskati

Mchezo wa kuteleza barafuni niliupenda nikiwa kitandani. Mimba ya mwanangu wa mwisho ilinilaza miezi, daktari akanikataza hata kukanyaga cherehani, na shemeji yangu akaniletea televisheni yake kuukuu ili nisife kwa upweke. Mchana, watu wakiwa shamba, nilikuwa nabonyeza rimoti tu, na siku moja nikawakuta: wanawake waliovaa viatu vyenye makali chini, wanazunguka juu ya sakafu nyeupe, na mtangazaji anaongea lugha nisiyoijua hata neno.

Kwanza niliangalia nguo. Mimi ni fundi, siwezi kumwona mtu nisione mshono wake. Nilijiuliza kitambaa gani kile kinachovutika namna ile, shanga tele, na mtu anaruka hewani nguo isichanike kwapani. Baadaye nikaanza kuwaangalia wenyewe. Mtoto akazaliwa, televisheni ikafa, nikahamia kwenye simu. Wakati wa kunyonyesha, wakati umeme umekatika usiku na oda zinangoja, nawaangalia hao.

Majirani zangu wa Wingwi, hapa Pemba, walinicheka sana. Barafu kwetu ni ile ya vifuko wanayouza watoto wa shule, nyekundu, inayopaka ulimi rangi. "Fundi wetu anapenda watu wanaokanyaga barafu," walisema, na mimi nilicheka nao. Sikuwa na wa kumweleza kwamba kuna mwanamke mmoja kati ya watelezaji wale niliyempenda kama ndugu. Hakuwa mshindi. Mara nyingi alitoka wa tatu au wa nne. Lakini alikuwa akiruka na kutua kimya, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga asiamke. Alipoacha kushindana niliona huzuni kama nimefiwa, na sikumwambia mtu, kwa sababu ungeanzaje kuyasema hayo?

Kisha yakaja magoti ya mama. Mama yangu alikuwa mwanamke wa shamba, muhogo na karafuu, na magoti yalimwacha taratibu mpaka akawa haendi chooni bila kunishika bega. Dada yangu mkubwa ameolewa Maskati. Akapiga simu: mlete, huku kuna daktari wa mifupa anayesifiwa. Ilikuwa mfungo unaelekea ukingoni. Kila fundi anajua maana yake. Nilishona nguo za sikukuu za watu mpaka asubuhi ya Idi yenyewe, nikawakabidhi wa mwisho wakiwa tayari wamekoga, kisha nikaingia kufunga mizigo. Tulipopanda boti kwenda Unguja, na kutoka Unguja kupanda ndege, nilikuwa kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Maskati sikuiona. Niliona korido ya hospitali. Nilimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, tukangoja, akachomwa sindano za goti, tukarudi kwa dada, nikamkanda, nikamgeuza. Dada alikuwa na kazi yake na watoto wake, alifanya alichoweza.

Siku moja, tukitoka hospitali, gari ya dada ilisimama kwenye taa mbele ya duka kubwa. Ukutani palikuwa na bango la wacheza barafuni, kundi la watu walioacha mashindano na sasa wanazunguka nchi kuonyesha. Yule wangu wa kutua kimya alikuwamo. Pembeni, mdogo, nyuma ya wengine, lakini alikuwamo.

"Ndiye!" nikapiga ukelele.

"Nani?" dada akashtuka. "Nani kagongwa?"

Nikamweleza. Alinitazama kwenye kioo cha gari kwa muda, mpaka wa nyuma yetu akapiga honi. Kesho yake jioni akaja na tiketi mbili. Tulipanga twende sote wawili na mume wake abaki na mama, lakini siku ilipofika mtoto wao mdogo akashikwa na homa. Dada akasema, "Nenda na mama. Kuna mahali pa viti vya magurudumu, nimeuliza."

Mama akasema, "Mie nikafanye nini huko?" Lakini alikuwa ameshaanza kujifunga mtandio.

Baridi ya ukumbi ule ilitupiga mlangoni. Mama nilikuwa nimemvisha vizuri: soksi za mume wa dada, kanga juu ya kanga, blanketi miguuni. Mwenyewe nilisahau, nikakaa natetemeka ndani ya baibui. Tulikuwa mbele kabisa, karibu na ukuta mfupi unaozunguka barafu. Wakatoka, na jambo la kwanza lililonishangaza ni sauti. Katika simu kulikuwa na muziki tu. Hapa makali ya viatu yalikwaruza, yakachana, kama mkasi mkubwa unaokata kitambaa kizito cha mardufu.

Ningependa kusema nilifurahi. Mwanzo ulikuwa wa watoto, taa za rangi, watu wamevaa vichwa vya wanyama, na mimi nililala. Miaka yote ile ya kungoja, nikaja nikalala.

Mama akanichoma kwa kiwiko. "We mwana, amka! Tumekuja kulala?"

Nikafumbua macho na yule wangu alikuwa anaingia, peke yake, na ukumbi umezimwa taa isipokuwa ile iliyomfuata. Alikuwa amenenepa kidogo kiunoni. Nguo yake ilikuwa ya buluu, mikono mirefu, na alipopita mbele yetu nikaona ubavuni kipande kilichoongezwa ili imtoshe, buluu iliyokaribia ile nyingine lakini siyo. Kipande kile nakijua. Nawashonea wanawake kila mwaka, na huwa naomba mume asikione. Nilijikuta nimeshika ubavu wangu mwenyewe.

Aliteleza vizuri. Polepole kuliko nilivyomzoea, lakini mikono ilikuwa ile ile. Kisha akajiandaa kuruka, nikajua ni mruko gani, nikabana pumzi, akaruka, akaanguka. Si kuanguka kwa madaha. Alianguka kwa nyonga, akaburuzwa mpaka karibu na ukuta wetu, na watoto fulani nyuma wakacheka.

Mama akainuka nusu kutoka kwenye kiti, magoti yale yale, akapaza sauti ya kuitia watu shambani:

"Pole, mwanangu! Pole! Inuka taratibu!" Kisha akanigeukia mimi kwa ukali: "Ntoto kaanguka, na watu wamekaa! Hakuna wa kwenda kunnyanyua?"

"Mama, atainuka mwenyewe. Ndiyo mchezo wenyewe."

"Mchezo gani huo!"

Aliinuka. Upande mzima wa nguo ulikuwa mweupe kwa barafu. Akaendelea mpaka mwisho wa muziki, na watu wakapiga makofi, wengi zaidi kuliko kama asingeanguka. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimemshika mama asije akaenda mwenyewe.

Mwishoni wote walizunguka ukingoni kuwapa watu mikono. Kwa miaka nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia siku nikikutana naye, kwa Kiingereza changu cha shule, nikiyarudia huku napiga pasi. Akaja. Akasimama mbele yetu. Poda ilikuwa imechirizika shingoni na alikuwa akihema kama mtu aliyepanda kilima na mzigo. Maneno yangu yote yakapotea. Nilitoa mkono tu, akaushika, wake ukiwa baridi kuliko wangu.

Mama akaudaka mkono ule kwa mikono yake miwili. "Goti laumaje?" akamuuliza, na ili aeleweke akafunua blanketi, akajigonga goti lake lililofungwa bendeji.

Yule mwanamke akainama, akalitazama. Halafu akajigonga nyonga yake mwenyewe, akakunja uso, uso wa bibi kizee anayeshuka ngazi, na mama akacheka mpaka meno yote yaliyobaki yakaonekana. Wakacheka pamoja, kila mmoja kwa lugha yake. Kisha yule mwanamke akaachia, akasogea kwa waliofuata. Kabla hajawafikia niliuona uso wake kwa upande. Tabasamu lilikuwa limeshuka. Akavuta pumzi, akalipandisha tena, kama mtu anayejitwika ndoo.

Nikaanza kulia. Sikuwa nimetegemea.

"Nini tena?" mama akauliza. "Si umenwona ntu wako?"

"Nimechoka, mama."

Watu walikuwa wanatoka, wanapita kwa nyuma yetu wamebeba watoto waliolala. Mama akavuta kanga moja kutoka mabegani mwake, akanifunika nayo.

"Najua," akasema. "Na mie nimechoka kuchokesha watu."

Nilitaka kumwambia hanichoshi. Ingekuwa uongo, na baridi ya pale haikuruhusu uongo. Tukakaa tu, mpaka mfagiaji akaja kutuashiria kwa adabu kwamba wanafunga.

Tulirudi Pemba wiki chache baadaye. Magoti ya mama yamepata nafuu, si uponyaji. Anakwenda uani kwa mkongojo, anakaa, anapepeta mchele wake. Shamba haendi tena, na ameacha kulizungumza. Yule mwanamke, nilisoma, ameacha kuzunguka na kundi; anafundisha watoto kwao. Nikafurahi, kisha nikawaza kama watoto wale wanamchosha.

Siku tuliyofika, wanawake wa Wingwi walijaa barazani kumpa mama pole ya safari. Nilikuwa sijavua hata baibui. Walimuuliza habari za daktari, habari za wajukuu, mwisho mmoja akauliza, huku akinitupia jicho, "Na hiyo barafu ya fundi, Bi mkubwa, uliiona?"

"Niliiona."

"Ikoje?"

"Kazi nzito," mama akasema. "Msimcheke tena mwanangu."

Mmoja wao akawa ananijia na kitambaa cha harusi ya mwanawe mkononi, anataka nimpime pale pale. Nikaona mama ameinua mkongojo wake, ameuziba mlango nao.

"Kesho," akamwambia. "Leo nwacheni alale."

Nikaingia ndani, nikajitupa kitandani na vumbi langu la safari. Niliwasikia wakiongea nje, sauti ya mama juu ya zote, anawaonyesha jinsi alivyoanguka yule ntoto wa watu. Alasiri ikaadhiniwa, sikusikia.