Nusu ya Kitabu cha Sada

Harufu ya iliki na mafuta ya moto ndiyo iliyokuwa saa yetu pale Kiwalani. Mama alikuwa akikaanga maandazi kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga, na kabla jua halijafika kwenye mabati ya jirani, harufu ile ilikuwa imeshapita vyumba vyote sita na kumtoa kila mpangaji kitandani. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine ambayo nadhani mie peke yangu niliipenda: harufu ya karatasi kuukuu, kavu, yenye vumbi linalowasha pua. Mifuko ya kaki ilikuwa haijafika mtaani kwetu. Maandazi yalifungwa kwa karatasi, na karatasi zilikuja kwa gunia, mabaki ya maofisi na mashule: mitihani iliyosahihishwa kwa wino mwekundu, barua zenye mihuri, madaftari ya watoto tusiowajua, na mara moja moja, katikati ya takataka hizo, kitabu cha hadithi. Kazi ya kuchana ilikuwa yangu. Nilikuwa darasa la sita, nikikaa kwenye kigoda kando ya mama, nachana huku ndege zinazotua zikipita juu yetu, chini kiasi cha kuona magurudumu. Zikipita, kila mtu alinyamaza. Zikishapita, mazungumzo yaliendelea kutoka neno lile lile yalipokatikia.

Mwaka ule, likizo ya mwezi wa sita, ndipo nilipoanza kuvificha vitabu. Sikuwa na mpango wowote. Nilichana kimoja kuanzia nyuma, kwa sababu nyuma gundi huwa imelegea, na nilipofika katikati nikakifungua mbele na kukuta picha: msichana wa rika langu amesimama mbele ya chombo chenye umbo la yai, nywele zimesukwa mistari kama zangu, na juu yake kuna miezi miwili. Mkono ulikataa kuendelea. Nikakisukuma chini ya gauni, na kuanzia siku ile kila gunia nililipekua kwanza. Vilipofika saba nikavihifadhi kwenye ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko, nyuma ya mlango, mvua isivifikie. Vingine vilikuwa vya majini na visima vinavyoongea, vingine vya watu wanaoishi chini ya bahari, kimoja cha mashine inayorudisha jana. Nilivichagua jinsi mtoto anavyochagua pipi, kwa rangi ya ganda. Sikujiuliza kama kuna kitabu kinachofaa na kisichofaa. Kwangu kitabu kilikuwa kitabu, na hata nusu ya kitabu ilikuwa afadhali kuliko hakuna.

Nina mdogo wangu, Rahma, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na miezi mitatu kabla ya likizo hiyo alipata kazi Mtwara, akaondoka na begi moja na miwani yake ya kuchomelea ikining'inia shingoni. Alisema atarudi kazi ikiisha. Watu wazima wanaelewa maneno hayo. Rahma aliyachukua akayaweka mahali pake, na kila asubuhi alimuuliza mama kama kazi imeisha, bila kulalamika, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Hakuwa mtoto wa kulialia. Alikuwa mcheshi, mpenda kula, mwenye kuongea hadi na kuku wa jirani.

Basi mie, kwa mapenzi yangu yote, nikamsomea kile cha miezi miwili. Tulikaa kwenye mkeka mchana, mama akiwa sokoni. Msichana wa kwenye picha aliitwa Sada, na baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya angani aliyekwenda kufanya kazi kwenye mwezi wa bluu na hakurudi. Kwa hiyo Sada akaingia kwenye lile yai akamfuata. Nilisoma kwa madoido, nikibadili sauti, na Rahma alikuwa ameniegemea hata hapumui. Sada akafika. Akaingia kwenye jumba la vioo, akasikia nyundo ya baba yake inagonga mbali. Sentensi ya mwisho naikumbuka mpaka leo: Sada aligeuka nyuma, na mlango haukuwepo. Baada ya hapo palikuwa na uzi wa gundi tu na vipande vya karatasi nilivyoacha mwenyewe nilipochana.

Rahma aliuliza, halafu. Nikamwambia basi, imeishia hapo. Ningeweza kutunga kitu. Mpaka leo sijui kwa nini sikutunga, nadhani niliona ni kudanganya. Akaniuliza baba yake Sada yuko wapi, nikasema sijui. Akaniuliza nani ameichukua ile iliyobaki, nikasema watu wamefungiwa maandazi. Akatoka nje. Ndege ikapita, naye akaifuata kwa macho mpaka ikazama nyuma ya mabati.

Kesho yake hakula. Siku iliyofuata alikunywa chai kidogo na kusimama uani akingoja ndege. Kila ikitokea aliitazama tumbo kana kwamba anatafuta kitu kilichoandikwa pale. Mvua ilinyesha akakataa kuingia ndani, mpaka Mama Neema, mpangaji wa chumba cha mwisho, akambeba kama gunia. Mama alimpima joto kwa kiganja, akampeleka zahanati, wakasema hana malaria wala kitu. Siku ya nne uso wake ulikuwa umechongoka. Mama alipombembeleza sana ndipo aliposema, taratibu, kwamba mlango wa kule aliko baba umepotea. Mama hakuelewa. Akanigeukia mie, na mie nikaanza kulia kabla sijaulizwa.

Nilieleza yote. Ndoo ikaletwa uani, mfuniko ukafunguliwa mbele ya wapangaji. Mama Neema, ambaye ni mtu wa kanisani na mwenye moyo mzuri, aliona jini kwenye jalada moja akarudi nyuma hatua mbili, akasema mambo haya ndiyo yanayofungulia watoto milango mibaya. Mama hakusema habari za majini.

"Zuhura, umempa mwenzio njaa," alisema. "Kesho hivi vyote ni vya kufungia maandazi, na utavichana wewe."

Sikubisha. Kilichoniuma hakikuwa hata vitabu. Nilikuwa nimeshaamini kwamba Rahma hatakula tena, na kwamba baba akirudi atamkuta hayupo, na aliyefanya hivyo ni mie na sauti zangu za madoido.

Asubuhi nikakaa kwenye kigoda na ndoo miguuni. Rahma alikuwa ameegemea nguzo, akitazama juu. Mteja wa kwanza alikuwa Baba Neema, mumewe Mama Neema, karani wa ofisi moja mjini, mtu wa Bukoba, mpole, suruali yake daima ina mstari wa pasi. Nilimwamkia, akaitikia. Kwa wiki mbili alikuwa na tabia iliyomchekesha mama: kila asubuhi alichagua karatasi. Alikuwa akimwambia, Mama Zuhura, nipe ile inayofuata, na mama alidhani anapenda usafi, akamtafutia isiyo na wino mwingi, naye akaikataa na kutaka nyingine. Mama alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba wasomi wana taabu, hata andazi wanataka lipige mswaki.

Siku hiyo macho yake yaliangukia mapajani kwangu, kwenye kile cha miezi miwili, nami nikiwa nimeshika ukurasa wa kwanza tayari kuuvuta. Akaweka mkoba wake wa ofisini juu ya kitabu, pale pale magotini kwangu.

"Subiri kwanza, mwanangu. Huyo ni Sada?"

Mama akainua mwiko kutoka kwenye karai. Baba Neema, uso umemwiva kwa aibu, akaeleza kwamba wiki ya juzi alifungua andazi ofisini akakuta habari za msichana aliyefungiwa kwenye jumba la vioo, na kuanzia hapo hakuweza kuacha. Alikuwa na mwisho bila mwanzo. Kila alipofika nyumbani alijaribu kukisia binti yule ametoka wapi. Nikamwambia sie tuna mwanzo. Tukatazamana kama ndugu waliopotezana sokoni.

Aliingia chumbani kwake akatoka na faili. Faili kabisa, la ofisi, lenye kamba ya kufungia, na ndani zile karatasi zimepangwa kwa namba, zinang'aa mafuta, nyingine unaona mkono upande wa pili. Mama Neema alisimama mlangoni mdomo wazi. Baba Neema akachuchumaa mbele ya Rahma, akaangalia saa yake, akaivuta chini ya mkono wa shati asiione tena, akasoma. Ukurasa mmoja haukuwepo, na alisema wazi kwamba huo aliupata mteja mwingine. Hakuficha kitu. Sada aliifuata sauti ya nyundo, akamkuta baba yake, mlango wakautengeneza wao wenyewe, wawili. Kisha Sada akarudi peke yake kwenye yai, akatua nyuma ya nyumba yao amejaa vumbi, na mama yake akamuuliza kama amekula.

"Na baba yake?" Rahma aliuliza. Ilikuwa sauti yake ya kwanza siku hiyo.

Baba Neema alirudi juu kwa kidole mpaka akapata mstari. "Amesema atangulie akamwambie mama. Amebakiza injini moja. Akimaliza anakuja."

Rahma alifikiri. "Kumbe kazi haijaisha," akasema, akanyoosha mkono kwenye sinia.

Alikula maandazi matatu. Karai zima liliungua nyuma yetu, na mama hakujali. Alikuwa amekaa chini akijipepea kwa upande wa khanga, akicheka na kufuta macho kwa pamoja. Baba Neema alichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

Ndoo ilirudi nyuma ya mlango, ila kwa sharti. Nisimsomee mtoto kitabu ambacho sijakimaliza mwenyewe, na kabla ya hapo nimsimulie mama wakati anakanda unga. Mama hakusoma sana, lakini alikuwa mkali. Jini hakumtisha, wala chombo cha angani. Aliuliza huyo mtoto wa kwenye kitabu ana nani, na akiogopa anafanya nini, na mwandishi anamwacha wapi. Kimoja cha visima tulikikataa kwa sababu watoto waliumizwa ili msomaji acheke. Cha mashine ya jana kilipita, ingawa kilitisha. Mama Neema naye, aliyeanza kwa kusikiliza kwa mbali akichambua mchele, alikuwa wa kwanza kuuliza kimeishaje. Baba alirudi mwezi wa kumi, amekonda, na mikono ina makovu mapya.

Siku hizi nauza vifaa vya shule Mwananyamala, kwenye kibanda chenye mashine ya fotokopi, na nina rafu moja ya hadithi ninazoazimisha watoto. Niliishia kidato cha nne, kwa hiyo siwezi kusema mie ni mtaalamu. Maandazi sasa yanafungwa kwenye mifuko isiyo na neno hata moja, na watoto wana simu zenye katuni zisizokwisha. Wazazi huja kutaka vitabu vya maana, wakiona jini au roketi wanasita, na nawaelewa. Nawasimulia kwa kifupi, mpaka mwisho, wao wenyewe wanaamua.

Kwa miaka yote hiyo nilibeba siku zile nne kama jiwe mfukoni. Idi iliyopita nikapata ujasiri nikamwomba Rahma radhi. Ni mama wa mtoto sasa, alikuwa anamsuka mwanawe mlangoni. Akafikiri sana, akasema hakumbuki kukataa chakula, hakumbuki hata ndege.

"Ninachokumbuka mie," alisema, "ulikuwaga unaniachia kufunua kurasa. Ulikuwa unasoma mpaka chini, halafu unaningojea."