Posa ya Hotelini

Nikinusa mishikaki ya mbuzi, kumbukumbu hunirudisha nyuma ya pazia la hoteli moja Gitega, nimekaa na shangazi aliyevalishwa kama bibi arusi. Lilikuwa onyesho la posa: watalii waliokuja kula walicheza upande wa bwana arusi, wakaja kuposa. Baba, fundi cherehani wa Muyinga, alicheza mwenye binti, na kwetu mwenye binti hukataa kwanza mpaka abembelezwe.

"Mi siko na binti hapa," akasema.

Watalii wakaomba radhi, wakaelekea kwenye basi lao.

Shangazi akachungulia. "Kaka, wanaenda kweli."

Baba akawakimbilia, pindo la kanzu mkononi. "Rudini, binti iko. Nilikataa kwa heshima tu."

Mwaka uliofuata, shangazi alipata mposaji wa kweli. Baba alikubali kabla mgeni hajakaa.