Mama Orpha na Kifungu cha Msiba

Watu wa Uvira, kule Kongo, wanapenda mhuri kuliko sisi Wahaya tunavyopenda sifa, na hilo nalisema mimi Winifrida wa Bukoba, wala sitaki ubishi. Kabla chama chetu cha wazazi hakijapata hata jina, Mama Orpha alishakichongea mhuri. Ulikuwa wa duara, wino wa bluu, na katikati una kitabu kilichofunuliwa. Aliubeba mkobani pamoja na Biblia na kadi ya treni.

Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, msaidizi wa jikoni katika nyumba ya wazee, na mama wa Aurore, binti wa kuzaliwa uzeeni, aliyekuwa darasa la saba pale Alby, kitongoji cha Stockholm, Sweden. Mumewe, Papa Onésime, alikuwa mwalimu huko Uvira. Stockholm hakupata kufundisha mtu, figo zilimwahi. Mwaka ule wa 2009 alilala hospitali ya Huddinge zaidi ya alivyolala nyumbani, na sisi sote tulijua, ingawa hakuna aliyethubutu kusema, kwamba ugonjwa ule si wa kupona.

Chama kilitokana na kikundi chetu cha akina mama, ambacho kwa miaka kadhaa kazi yake ilikuwa kuzikana tu. Sasa watoto walikuwa wanaachwa nyuma na masomo, na sisi tulishindwa kuwasaidia: hesabu tulizijua, Kiswidi cha hesabu hatukukijua. Mwalimu mkuu akasema atatupa darasa kila Jumamosi. Kulikuwa pia na mfuko mmoja wa kusaidia watoto, uliokuwa tayari kutulipia walimu na vitabu. Sharti lao lilikuwa moja: tuwe chama cha manufaa ya wote, kilichosamehewa kodi. Bila hilo, twende zetu.

Basi tukaandika katiba. Yaani Mama Orpha alisema, mimi katibu nikaandika, Aurore akatafsiri huku amebenua midomo. Kifungu cha kwanza hakikuhusu shule hata kidogo. Kilisema mwanachama akifiwa, wote waache shughuli zao, waende kwake, wapike, wachange, wakae naye mpaka maziko, na asiyefika atozwe faini.

"Men mamma," Aurore akalalamika kwa Kiswidi, kisha akajilazimisha Kiswahili. "Hii ni ya masomo. Kwa nini kufa iko ya kwanza?"

"Ju kufa haingojee mutu amalize masomo," Mama Orpha akamjibu. "Andika."

Usimcheke. Kwao, serikali isipomlipa mwalimu, kamati ya wazazi ndiyo inamlipa, na mwalimu akifa, kamati hiyohiyo inamzika. Papa Onésime alifundisha maisha yake yote kwa mihogo na dagaa za wazazi. Kwa Mama Orpha, wazazi wa shule na wazikaji walikuwa watu walewale. Na tuseme kweli, tokea Bukavu mpaka Bukoba, chama bila msiba ni chama gani? Nilikiandika kifungu kile bila kusita.

Tukapanda treni nyekundu hadi mjini, kwenye ofisi ya kodi, yeye na mimi. Alivaa kitenge cha kanisani. Papa Onésime alikuwa amemtayarisha kwa ajili ya kungoja: huko Uvira kamati yake iliwahi kuomba kutambuliwa kisheria, faili likapelekwa Kinshasa, likapotea, wakapeleka jingine, likalala, vita vikawatawanya bado wanasubiri sahihi ya waziri. Kwa hiyo Mama Orpha alibeba mkate na chupa ya chai. Tukachukua namba, tukakaa. Hajafungua hata kizibo, namba yetu ikaitwa.

Tulipokewa na mwanamke mwenye nywele fupi, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Alisoma katiba, akasoma muhtasari wa mkutano, na ule mhuri maskini hakuutupia hata jicho.

"Muulize," Mama Orpha akaninong'oneza, "ruhusa ya chama kuwepo inachukua miaka ngapi?"

Nikauliza. Yule mwanamke hakulielewa swali. Nikauliza kwa maneno mengine, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akajibu polepole kwamba chama chetu tayari kipo. Kilianza kuwepo siku ile tulipokutana, tukakubaliana kanuni na kuchagua viongozi. Wao kazi yao ni kukipa namba tu.

"Nani alikipa ruhusa?" Mama Orpha akauliza, nami nikatafsiri.

"Ninyi wenyewe."

"Muulize tena, dada. Pengine hukumwelewesha."

Nikauliza tena, jibu likawa lilelile. Akanisukuma kwa kiwiko niulize mara ya tatu. Safari hii yule mwanamke aliugeuza muhtasari ututazame, akatuonyesha sahihi zetu. Mama Orpha akaigusa karatasi kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Sisi ni watu tuliokwisha kuulizwa kila mpakani na kila kambini: wewe ni nani, na nani amekuthibitisha? Leo tunaambiwa kwamba wanawake wachache waliokaa sebuleni Alby, sahani za ndizi magotini, wamezaa kitu, na serikali yenye nguvu zake zote inakikuta kimeshazaliwa. Nilikuwa nimeishi Sweden miaka kumi nikilalamikia baridi, na siku ile ndiyo nilipoistaajabia nchi hii kwa mara ya kwanza.

Kisha yule mwanamke akavaa miwani, akaweka kidole kwenye kifungu cha kwanza. Hakuwa mkali. Alisema chama cha kusamehewa kodi lazima kimfae kila mtu, na kimfungulie mlango mzazi yeyote anayetaka kuingia. Hapo hapakuwa na tatizo, hata Mswidi na aje. Lakini kifungu hiki kinawafaa wanachama peke yao. Kuzikana hatukatazwi, akasema, ila kukiwa ndiyo kazi ya kwanza ya chama, msamaha hakuna. Tukitaka, tuunde chama kingine kwa ajili ya misiba.

Ndani ya treni Mama Orpha alishika mkoba wake kwa mikono miwili mpaka kituo cha Skärholmen. Hapo akasema, "Uliona? Alisema ni sisi benyewe." Kisha akaitoa katiba, akakitazama kifungu cha kwanza mpaka Alby, na mimi nilijua anamwaza Papa.

Jumapili tukakutana kwake. Léontine, anayesuka nywele Skärholmen na ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake, alisimama kabla sijamaliza kueleza ya ofisi ya kodi.

"Miye nimepika ku misiba ya kila mutu humu ndani! Leo muzungu wa kodi anasema tuache batu yetu bakufe kama mbwa?"

"Hakusema hivyo," nikamwambia.

"Sasa alisema nini?"

Fauziya wa Kampala, ambaye huongea mara moja akiwa amefikiri mara kumi, akasema jambo ni jepesi: tuwe na vyama viwili, kimoja cha masomo, kingine cha misiba, kama tulivyoshauriwa. Lilikuwa wazo zuri, mpaka lilipotua. Kila mmoja alielewa msiba wa kwanza ungekuwa wa nani. Kuanzisha chama cha misiba wiki ile, Papa Onésime akiwa Huddinge na mipira mwilini, ni kumpimia jeneza mtu angali anapumua. Hakuna aliyekuwa na kifua hicho. Fauziya mwenyewe akajishika kinywa. Mimi nikatazama zulia. Jikoni Aurore alikuwa amefungua maji ya bomba, na hakuna chombo alichokuwa anaosha.

Kama yupo aliyekuwa na haki ya kukishikilia kifungu kile kwa meno, ni Mama Orpha. Sweden nzima hakuwa na ndugu hata wa kusingizia. Kila msiba wa wengine alikuwa amefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na sasa zamu yake ilikuwa mlangoni. Tungekataa kukifuta, angezikiwa mumewe kwa sheria. Tungekubali, hakuna ambaye angeweza kumdai aje.

Akainua mkono. "Miye nataka kitoke."

"Na Papa?" Léontine akauliza.

"Papa alifundisha batoto ya batu miaka yote ju ya mihogo. Leo nifunge darasa ya batoto ju yeye apate mazishi? Nitamuangalia ku macho namna gani?" Akatuzungushia macho. "Inua mikono, bamama. Chai inapoa."

Tukainua. Léontine alikuwa wa mwisho, analia na amekasirika, mkono wake umefika usawa wa sikio tu. Nilivuta mstari juu ya kifungu cha kwanza, na kalamu ilikuwa nzito.

Namba ya chama ililetwa na posta kabla ya wiki nyingi kupita, mfuko ukaridhika, na darasa likafunguliwa. Jumamosi ya kwanza viti havikutosha. Alikuja Mohamed, Msomali, na watoto wake. Alikuja mama mmoja Msuriani, Mkristo wa Mashariki ya Kati, na binti zake mapacha. Alikuja pia baba mmoja Mswidi, mhandisi, ambaye alifundisha hesabu na kumaliza sinia la mandazi ya Fauziya. Mama Orpha alisimama katikati ya kelele zile, mikono kichwani, kama anayeona mvua baada ya kiangazi. Halafu akampigia mumewe hospitali, akainua simu juu ili asikie.

"Kinshasa balisaini?" Papa Onésime akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

"Hapana, Papa. Tulisaini sisi."

Papa Onésime alifariki Februari, asubuhi yenye theluji. Aurore ndiye aliyenipigia. Zamani katibu angeshika simu na kuwaita watu wote, na watu wangekuja, kwa mapenzi au kwa faini. Sasa ningewaita kwa mamlaka gani? Nilimwambia Léontine peke yake, nikavaa koti, nikatoka, theluji ikazuia treni mpaka alasiri. Njiani nilikuwa na hasira na kila kitu: na ofisi ya kodi, na katiba, na mkono wangu uliovuta mstari ule. Akilini nilimwona Mama Orpha amekaa kwenye godoro, yeye na mwanawe, nyumba tupu.

Lifti ilipofunguka ghorofa ya tano nilikosa pa kukanyaga. Viatu. Vilianzia mlangoni kwa Mama Orpha, vikapita milango ya majirani, vikafika kwenye lifti: buti za theluji, viatu vya watoto, viatu vikubwa kama mitumbwi ambavyo nilijua ni vya Mohamed. Ndani Fauziya alishashika sufuria. Mama Msuriani alikuwa ameleta wali uliofungwa kwenye majani ya mzabibu. Yule baba Mswidi hakujua mtu husema nini msibani, basi alikuwa ameshika sponji anaosha vyombo, macho mekundu. Léontine alikuwa anamsuka Aurore polepole.

Kwenye godoro Mama Orpha alikuwa mkavu wa macho. Akanivuta nikae karibu.

"Dada Winifrida, ni weye ulibaita?"

"Hapana, Mama. Nilimwambia Léontine tu."

Léontine akatikisa kichwa. "Miye sikuita mutu. Niliambia mwalimu wa Jumamosi tu kwamba Aurore hatakuja, ju amefiwa na baba."

Mama Orpha akawatazama watu wale, mmoja mmoja, hadi waliokuwa wamesimama ukumbini kwa kukosa nafasi.

"Miaka yote tunaendeana ku misiba, na faini iko nyuma ya mulango," akasema. "Sikujua nani anakuja ju ya faini, na nani anakuja ju yangu. Nilikuwa naogopa kujua."

Halafu akaegemea bega langu, na ndipo alipolia.