Mguu wa Sulemani

Mdogo wangu Sulemani ni fundi cherehani wa Buyenzi, na kama uliwahi kuvaa suti ya harusi iliyokukaa vizuri mabegani katika mji huu wa Bujumbura, huenda ni yeye aliyeishona. Anashona kwa cherehani ya kukanyaga, kwa sababu umeme wetu una tabia zake. Alianza sigara akiwa na miaka kumi na sita. Alipofika thelathini na nane alikuwa anamaliza pakiti moja na nusu kwa siku, sigara mdomoni huku akikata kitambaa. Hakuwahi kuunguza nguo ya mteja, na alijisifia hilo kana kwamba amepewa diploma.

Mimi ni Assia, dada yake mkubwa. Mama alifariki Sulemani akiwa na miaka tisa, nami ndiye niliyemlea. Nasomesha wasichana Kurani chuoni. Watu wananiogopa kidogo, na sina ugomvi na hilo.

Mwaka jana mguu wake wa kulia ulianza kumuuma. Akitembea avenyu mbili tu za mtaa lazima asimame aukande. Baadaye ukawa wa baridi hata mchana wa jua kali, kidole gumba kikatoka kidonda kisichofunga, na ncha yake ikaanza kuwa nyeusi. Yeye alisema ni kiatu. Sikio la kufa halisikii dawa, kwa hiyo nilimshika mkono mbele ya wateja wake nikampeleka hospitali, mimi na mkewe Houda.

Daktari Népomuscène, mtu mpole wa maneno machache, alitafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu na hakuyapata. Akatueleza kuwa sigara zimeziba mishipa midogo ya damu, ndiyo maana nyama inakufa.

"Dawa ni moja tu, kuacha," alimwambia. "Ukiacha, huu muguu unaweza kupona. Usipoacha, nitakata kidole, kisha muguu, kisha nitafika kwa goti. Nilishakata watu wadogo kuliko we."

Sulemani aliacha siku hiyohiyo. Mimi nilipita kwenye vibanda vyote vya mtaa wetu nikawaonya kwamba atakayemuuzia hata sigara moja atanijua. Siku ya nne alishona koti la bwana harusi likatoka na mikono yote miwili ya kushoto. Siku ya tano alimfokea Houda, kisha akalia mbele ya wateja, mwanaume mzima. Jioni nikamkuta amesimama mbele ya kibanda, hanunui kitu, anaangalia zile pakiti tu. Niliogopa sana. Nilijua siku ya sita atanunua.

Sasa niseme jambo ambalo Buyenzi hawakulijua. Na mimi nilikuwa na tumbaku yangu. Si sigara, Mungu apishe mbali. Ni majani makavu niliyoyanunua kwa mama mmoja, Scholastique, huko Kanyosha ambako hakuna anayenijua. Nilikuwa nayatwanga, nachanganya na maji kidogo, navuta puani, kisha nabana pua kwa vidole mpaka machozi yanitoke. Bibi yetu alifanya hivyo akazeeka vizuri, na kwangu ilikuwa dawa ya kichwa. Na huku nawahubiria wasichana kuhusu ubaya wa sigara. Nyani haoni kundule.

Nilimwita Sulemani chumbani kwangu nikafunga mlango.

"Vuta hii kwa pua," nikamwambia. "Haina moshi, haiwezi kukuharibu. Lakini mutu asijue."

Mikono yake ilitulia palepale. Kesho yake alishona koti upya bila kosa, na mimi nikatembea mtaani kifua mbele, nikijiona nimemwokoa ndugu yangu.

Kwa wiki sita alipita kwangu asubuhi na jioni. Sigara hakugusa, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Lakini mguu haukusikia. Weusi ulienea, kidole cha pili nacho kikaanza. Alilala ameketi, mguu ukining'inia kitandani, kwa sababu akiunyoosha alipiga kelele. Nilikisafisha kidonda kwa mikono yangu hii, na harufu yake sitaki kuieleza. Houda alikonda kuliko mgonjwa.

Jumanne tukarudi kwa daktari.

"Unavuta?" akamuuliza.

"Apana, muganga. Hata moja."

Houda akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni kweli.

"Hakuna kitu kingine? Kutafuna, kunusa?"

Sulemani hakunitazama. "Apana," akasema.

Daktari akavua miwani. "Basi sielewi. Mutu akiacha, mara mingi huu ugonjwa unasimama. Kwako unapanda. Alhamisi tutakata, chini ya goti."

Nilijua palepale. Niseme ukweli wote: nilijua, nikanyamaza. Muuguzi aliyekuwa anafunga bandeji ni Maha, ambaye binti zake wawili wanasoma kwangu. Nikisema pale, kabla ya swala ya magharibi Buyenzi nzima itakuwa na habari ya mwalimu wa chuo anayenusa tumbaku. Nikajidanganya kwamba kinachoingia puani kinakwenda kichwani, mguuni kitafikaje? Jumatano Sulemani alikuja chumbani kama kawaida, akasimama mlangoni. Nikampa.

Alhamisi asubuhi walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Kulikuwa na karatasi ya kukubali akatwe, na ilitaka saini ya mkubwa wa familia. Houda alikuwa ameketi chini amefunika uso. Maha akanipa kalamu. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu, na hapo mkono ukakataa. Nilimwangalia mdogo wangu. Alikuwa amefumba macho, midomo inasoma dua, na vidole vya ule mguu wa kulia vilivyobaki vizima vilikuwa vinachezacheza chini ya shuka, kama anakanyaga cherehani.

"Muganga," nikasema, "mi ndiye namupa tumbaku. Ya pua. Asubuhi na jioni. Hata jana nilimupa."

Maha aliacha alichokuwa akifanya. Houda aliondoa mikono usoni akanitazama, na macho yale sijayasahau.

Daktari hakunifokea, heri angenifokea. "Mama, tumbaku ni tumbaku," akasema. "Damu haiulizi imepita mulango gani." Akachukua ile karatasi mikononi mwangu. "Ninamupa wiki tatu. Siahidi kitu. Kidole kimekufa, hakirudi. Tunaangalia muguu."

Majani yangu niliyatupa chooni siku hiyohiyo, na ndipo nikaonja nilichokuwa namtaka mdogo wangu akifanye. Kichwa kilitaka kupasuka. Niliwafokea wasichana kwa kosa la kusoma vizuri. Siku ya tano nilijikuta nimeshika njia ya Kanyosha, nikageuka katikati nikirudi nyumbani huku nalia kwa hasira. Wazazi wanne waliwaondoa binti zao chuoni. Maha hakuwaondoa wake.

Houda hakuniruhusu tena kugusa kidonda. Kila asubuhi nilisimama dirishani kwao kuuliza hali. Wiki ya kwanza hakunijibu. Wiki ya pili, bila kugeuka, akasema, "Amelala. Amelala amenyoosha muguu." Nilirudi nyumbani nikasujudu.

Mwisho wa wiki ya tatu daktari alikishika kile kifundo kwa muda mrefu mno. Akahamisha vidole, akabonyeza tena.

"Kuko joto," akasema. "Muguu unabaki."

Alikata kidole gumba na ncha ya kidole cha pili, na hapo kisu kikaishia. Kidonda kilichukua miezi miwili kukauka, lakini kilikauka. Siku hizi Sulemani anatembea kutoka nyumbani mpaka sokoni bila kusimama. Amenenepa, anasema pilau imepata ladha, na Houda anadai kikohozi chake cha asubuhi kimehama nyumba. Daktari amemwonya kwamba sigara moja tu inaweza kurudisha kila kitu, na mimi sijui siku ambayo hofu hiyo itanitoka.

Juzi nilimpelekea chai barazani. Alikuwa anaufundisha mguu kukanyaga cherehani kwa kisigino. Nikauliza lile lililokuwa linanikaa kooni.

"Sulemani, muganga alikuuliza habari ya kunusa. Mbona ulisema apana? Walitaka kukukata."

Aliendelea kupitisha kitambaa chini ya sindano.

"Mi niko na miguu mbili, Dada," akasema. "Dada niko naye moja tu."

Nikamwambia aangalie kazi yake, mshono unapinda. Kisha nikaingia ndani, nikalia mpaka adhana ya alasiri.