Kiangazi Ambacho Ziwa Halikugeuka Kijani

Nilipoolewa na mwanaume wa Masisi, mama yangu aliniuliza swali moja tu: "Watakula nini ndani ya nyumba yako?" Sisi ni watu wa upande wa Bukavu. Kwetu mtoto anaachishwa ziwa la mama yake kwa mchuzi wa samaki wa ziwa lingine, hili kubwa. Wao, kule milimani, ni watu wa ng'ombe. Mume wangu alizoea upesi, kwa kuwa alifika Goma akiwa kijana na kazi ya karani haimpi mtu nafasi ya kuchagua chakula. Lakini mama yake, alipotelemka kuja kukaa nasi baada ya kupoteza ng'ombe wake, alisimama mlangoni akafunika pua kwa kitenge.

"Mutoto wangu," akaniambia kwa upole, "iyi harufu inatokaka?"

"Haitokake, mama," nikasema. "Iyi njo kazi yangu."

Kazi yangu ilikuwa sambaza, vile visamaki vya fedha ambavyo havizidi urefu wa kidole. Nilivinunua ufukoni alfajiri, nikavianika kwenye nyavu juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba, kisha nikavipeleka soko la Birere kuuza. Mama mukwe alikuwa mtu wa kuamka mapema, kama wote waliowahi kukamua, na Goma haikuwa na kitu cha kukamua. Basi akaanza kunifuata ziwani. Alikaa juu ya jiwe, mbali kidogo na mabeseni, kitenge puani, akatazama.

Asubuhi za wakati ule nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto aliyoiota mara nyingi. Ukungu ulilala juu ya maji, na kabla hujaona mtumbwi wowote ulisikia wimbo. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa; hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe, na hupiga makasia kwa kuimba. Wimbo ulitangulia, pembe zikafuata, kisha wanaume wenyewe. Mama mukwe aliwatazama wakiingia mmoja mmoja. Siku moja kitenge kilimteleza puani, naye hakukirudisha.

"Zinakulaka nini, mule ndani?" akaniuliza.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa na mama yangu. Kiangazi kinapofika, upepo unatoka kusini, unapiga ziwa mchana na usiku. Maji ya juu yanapoa, yanazama, yanachanganyika na ya chini, na chakula kilicholala chini kinapanda. Ndipo ziwa linageuka kijani, na sambaza wananenepa.

"Ah," akasema. "Ile kijani njo majani yao."

Toka hapo akawa anangojea ile kijani. Kila tulipofika ufukoni aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayainua kwenye mwanga. "Bado," alisema, akayamwaga.

Mwaka ule kijani hakikuja. Mvua zilikatika, vumbi likapanda barabarani, na vumbi lenyewe likabaki limesimama hewani kwa sababu hapakuwa na upepo wa kulisukuma. Joto lilikuwa la kutulia, la kukaa juu ya mabega. Na ziwa lilikuwa zuri mno. Lazima niseme hivyo, ingawa inaniuma. Lilikuwa la bluu, limelala kama kioo, safi hata uliweza kuona mawe ya chini, mbali kuliko nilivyowahi kuona. Jumapili, baada ya misa, watu walikuja na nguo zao nzuri kupigwa picha. Mimi nilikuwa naota kwamba natembea kwenye sakafu ya ziwa bila kulowa, kila kitu kinang'aa, na hakuna mtu wala kiumbe, mpaka najiamsha mwenyewe kwa kuita.

Tulifikiri samaki watapungua kidogo kidogo, tupate muda wa kujipanga. Haikuwa hivyo. Juma moja mabeseni yalijaa kama kawaida. Juma lililofuata ukungu ulifunguka na mitumbwi ikatokea bila wimbo. Tulisimama pale, wanawake wote, tukatazama zile pembe zikija kimya.

Mkuu wa wavuvi, mwanaume mpana aliyezoea kututania, alishuka akatikisa wavu mbele yetu.

"Ba mama, ziwa iko mutupu. Taa tuliwasha mpaka mafuta ikaisha. Wadudu tu njo walikuja."

"Kesho basi," mmoja wetu akasema.

"Kesho," akasema, lakini hakutazama mtu.

Kesho ikawa vilevile, na kesho yake. Kulikuwa na mama mmoja wa ofisi ya uvuvi ambaye alikuja mara kwa mara kupima samaki na kushusha kipimajoto majini kwa kamba. Siku hizo hakuwa na samaki wa kupima, akakaa nasi. Nilimuuliza samaki wamekwenda wapi.

"Hawakwenda popote," alisema. "Wamekosa kula. Maji ya juu yamepata joto zaidi ya kawaida. Yamekuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya supu. Upepo wa nguvu ungeyachanganya. Upepo haukuja, na huu uliokuja hautoshi."

"Lakini mwezi uliopita walikuwa wengi," nikasema.

"Ndiyo. Ziwa linavumilia, linavumilia, halafu siku moja linaanguka. Hata sisi wa ofisi linatukuta hatuko tayari."

Nilidhani mama mukwe hasikilizi, kwa kuwa Kiswahili cha ofisi kilimchosha. Lakini tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani na mabeseni matupu, akaanza kusema bila mimi kumuuliza. Hakuwa amewahi kunisimulia habari za ng'ombe wake.

"Kwetu ilikuwa vile. Mvua ilichelewa. Majani ikakuwa mbaya, lakini ng'ombe zilikuwa zinasimama. Kila asubuhi ninaenda kuangalia, zimesimama. Ninasema, Mungu ni mwema, bado. Halafu juma moja zote zikapiga magoti." Akahema kwa ajili ya mlima. "Kumbe ile kusimama njo ilikuwa nguvu ya mwisho."

Nilimshika mkono. Tulipanda hivyo mpaka nyumbani.

Miezi iliyofuata niliuza maharagwe yaliyotoka Kalengera. Nyavu zangu za kuanikia zilibaki juu ya mawe, zikashika vumbi na majani makavu. Mikono yangu ilipoteza harufu yake, na usiku niliinusa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Ajabu, aliyelalamika wa kwanza alikuwa mama mukwe.

"Nyumba hainuke kitu," alisema siku moja akipepeta maharagwe. "Ni kama nyumba ya watu wasiokuwako."

Kisha mvua zikarudi, na katikati ya mvua, wakati ambao hakuna aliyeutazamia, ukaja upepo. Ulivuma kwa siku kadhaa, baridi, ukang'oa mabati. Maji kando ya ufuko yakawa kahawia, kisha meupe kama yaliyotiwa maziwa. Asubuhi uliponyamaza, tulisikia wimbo, hafifu, kama watu wasioamini sauti zao.

Mabeseni yalijaa, lakini samaki hawakuwa sambaza. Walikuwa warefu kidogo, wembamba, wenye madoa ya bluu yaliyowaka ubavuni. Tuliwajua, mmoja mmoja aliwahi kuingia wavuni zamani, na tulikuwa tunawatupia bata. Sasa walikuwa ndio wavu mzima.

"Hii haina mafuta," wanawake walisema. "Hii si ya kwetu."

Nami nilisema hivyo. Nilimshika mmoja kiganjani, mzuri kama pambo, nikasikia uchungu, kana kwamba naombwa nimsahau mtu aliyekufa juzi.

Mama mukwe aliinuka kwenye jiwe lake, akaja mpaka kwenye mabeseni. Alitia mkono ndani, akatoa samaki, akamgeuza huku na huku. Sikuwahi kumwona akigusa samaki.

"Hii inakuliwa?" akamuuliza mkuu wa wavuvi.

"Inakuliwa, mama. Lakini watu hawapendi."

"Juu ya nini?"

"Haiko sambaza."

Akacheka, kicheko kirefu ambacho sikukijua. "Kwangu mimi, ile na hii, zote ni wageni. Mutoto wangu, beba hii."

Mchana ule nilimchomea wachache juu ya makaa, na chumvi na pilipili. Alikula wa kwanza polepole, amefumba macho. Mume wangu aliacha kula ili amtazame. Alipomaliza alisema, "Iko na mifupa mingi," akachukua wa pili.

Niliwaanika waliobaki, na Birere niliwauza kwa shida mwanzoni, kisha kwa shida ndogo. Kiangazi kilichofuata upepo ulikuja, si kama wa zamani, na ziwa likageuka kijani kwa muda. Sambaza wakarudi, wamechanganyika na wale wa madoa. Nilimuuliza mama wa ofisi ni samaki gani watakaobaki. Akasema hajui, na nikampenda kwa kusema hivyo.

Mwezi uliopita nilipatwa na homa, na mama mukwe akaenda ufukoni bila mimi. Alirudi jua limepanda, beseni kichwani, mwenye fahari. Alikuwa amechagua vibaya. Nusu ya samaki walikuwa wamepondeka na mchanga umejaa kwenye matamvua yao. Sikumwambia. Nilijifunga kitenge, tukakaa nyuma ya nyumba tukawaosha na kuwatenga, sambaza huku, wa madoa kule, naye mara nyingi alikosea, nikawahamisha kimya kimya.

"Na kesho," akauliza, "upepo utakuja?"

"Sijui, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutenga.