Rangi ya Kucha Kwenye Friza

Ieleweke na kila mtumishi, kama lilivyotamka tangazo la mkurugenzi mlangoni mwa friza kubwa, kwamba vichupa vyote vitatambuliwa kwa lebo rasmi za mashine mpya, ambazo hazibanduki. Kwamba alama yoyote ya mkono ni utovu wa nidhamu. Na kwamba vipodozi ni marufuku ndani ya maabara.

Mtunza friza, mwanamke wa miaka hamsini na saba ambaye wenzake humwita Mama Barafu, alikwisha kupewa barua moja ya onyo. Walimkuta na chupa ya rangi ya kucha kwenye droo. Hakujitetea. Kucha zake amezikata mpaka kwenye nyama, lakini hakuna aliyeziangalia. Barua ya pili ni kufukuzwa, naye alibakiza miaka mitatu tu astaafu.

Asubuhi moja mtafiti, binti wa rika la mwanawe wa kwanza, aliingia mbio na ndoo ya barafu. Seli za ini zilikuwa tayari kwenye sahani. Ikipita saa sita, hazifai. Ndani ya vichupa kumi na viwili mlikuwa na virusi vilivyong'olewa meno na kufanywa wapagazi. Sita vilibeba ujumbe wa kuinyamazisha jeni ya kimeng'enya kinachochangia mawe ya figo. Sita vilibeba porojo, ili pawe na cha kulinganisha. Kazi ya miezi minane, na vingine hakuna.

Mama Barafu akafungua kasha. Lebo kumi na mbili zilikuwa zimejilaza chini, kwa adabu, kama majani makavu.

"Mama, nimekwisha," mtafiti akasema. "Kipi ni kipi?"

"Funga mlango kwanza, mwanangu. Baridi inatoka."

"Baridi! Mimi naongelea miezi minane!"

Mama Barafu akalitazama tangazo, kisha saa ya ukutani. Saa tano na robo. Akakipindua kichupa cha kwanza: kitakoni palikuwa na nukta nyekundu.

"Vyenye nukta vinanyamazisha. Visivyo nayo ni porojo."

"Nani kaweka?"

"Mimi, siku ya kuvigandisha. Kalamu inafutwa na spiriti, lebo ndiyo hiyo umeiona. Rangi hii ya kucha haitoki hata uitukane."

"Kumbe ndiyo ile barua..."

"Mume wangu mpaka leo anauliza najiremba kwa ajili ya nani."

Mtafiti hakucheka. "Itabidi niandike kwenye daftari nilivyovitambua. Mkurugenzi analisoma."

"Andika."

Siku tatu zilizofuata, kila simu ya ofisini ilipolia, Mama Barafu alifunga vifungo vya koti lake vyote. Siku ya nne vipimo vilitoka: kwenye sahani sita kimeng'enya kilikuwa kimeporomoka, kwenye sita nyingine hakikutikisika. Saa hiyohiyo akaitwa.

Mkurugenzi aliusoma ukurasa mara mbili.

"Hiyo chupa iko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Ni ya binti yangu, ameidai."

Mkurugenzi akalifunga daftari. Barua ya pili ingelazimika kueleza kwamba lebo zilibanduka. Haikuandikwa. Taarifa ya mwaka ilisema utambuzi wa vichupa umefanikiwa kwa asilimia mia.

Tangazo bado lipo mlangoni mwa friza. Lilichapwa kwenye karatasi ileile ya lebo, na gundi yake iliachia wiki ya kwanza. Limeshikwa na nukta nne nyekundu, moja kila pembe.